Kwa nini kwenda New York ni saa 15, na kurudi Nairobi ni saa 14?

Oktoba 2018, Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Kwenda huchukua kama saa 15, kurudi kama saa 14. Umbali ni uleule, karibu kilomita 11,800, na ndege ni aina ileile, Boeing 787. Saa moja inapotelea wapi?

Wengi husema ni kwa sababu dunia inazunguka. Tulipime jibu hilo. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na huku kwetu kwenye ikweta kasi yake ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kama ndege ingening'inia tu angani huku ardhi ikisogea chini yake, New York ndiyo ingekuwa inakuja kutulaki, na safari ya kwenda ingekuwa fupi mno. Mambo ni kinyume, kwa kuwa hewa yote huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Nahodha wa jahazi angelijua jibu mara moja. Wazee wa pwani waliingoja kusi ndipo watweke tanga kwenda Uarabuni, na majahazi ya Maskati yalishuka kwetu na kaskazi. Rubani naye ana pepo zake. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kule hewa ya joto ya tropiki inakokutana na baridi ya kaskazini, huvuma mikondo ya upepo mkali, myembamba kama mito, ikielekea mashariki. Pengine hupita kilomita 300 kwa saa. Hapa mzunguko wa dunia una mkono wake kweli, maana ndio unaoupinda upepo huo uelekee mashariki.

Hesabu yake ni nyepesi. Ndege hukata hewa kwa kama kilomita 900 kwa saa. Upepo wa 100 ukiipiga usoni, upepo wa omo, inabaki 800 juu ya ardhi. Ukiisukuma kwa nyuma, inafika 1,000. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita na zaidi.

Ndiyo maana wapangaji wa safari hawang'ang'anii njia fupi kuliko zote. Ukinyoosha uzi kwenye tufe kutoka Nairobi hadi New York, utavuka Sahara na kutokea Morocco. Lakini rubani hupindisha njia kidogo, aukwepe upepo akienda na aufuate akirudi. Majira ya baridi ya kaskazini mikondo hiyo huvuma kwa nguvu zaidi.

Usiipime safari hii kwa saa ya ukutani. Wakati wa baridi, ukiondoka Nairobi saa tano usiku utashuka New York saa kumi na mbili asubuhi, kana kwamba umesafiri saa saba tu. Nyingine nane utazilipa ukirudi: ukiondoka kule saa sita mchana, utatua Nairobi kesho yake saa nne asubuhi.