Karatasi ya Mahudhurio Si Kura ya Ndiyo

Kaunti ikitangaza mradi wa nyumba za bei nafuu, iwe Kisumu au Nakuru, simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni wakazi, na swali lao ni lile lile: "Tuliitwa mkutanoni, tukasaini, sasa tunaambiwa tulikubali. Tulikubali nini?" Mimi ni mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na ni mmoja wa wale wanaokuja barazani na hiyo karatasi ya mahudhurio mkononi. Wacha niwajibu wote hapa.

Hamkukubali chochote. Karatasi ile ina safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Tatizo ni kwamba ripoti ikifika NEMA, karatasi hiyo huwa imebandikwa nyuma pamoja na picha ya watu wamekaa chini ya hema, na katikati ya ripoti kuna sentensi inayosema wakazi waliupokea mradi kwa mikono miwili. Anayesoma haraka ofisini anaona majina mia mbili na kudhani ni watu mia mbili walioridhika. Sheria inataka kitu kingine kabisa. Inataka maoni yenyewe, yaandikwe jinsi yalivyotolewa, na ripoti ionyeshe yalijibiwa vipi.

Msingi ni Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaiagiza serikali ihimize umma kushiriki katika kuyatunza. Chini yake kuna Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, halafu kanuni za tathmini za 2003. Mwaka 2019 miradi iligawanywa kwa kiwango cha hatari. Mtaa mpya usiozidi nyumba 30 ni hatari ndogo, ukizidi hapo hadi nyumba 100 ni wastani, na ukipita 100 ni hatari kubwa, unaohitaji utafiti kamili. Mgawanyo huu una maana kubwa kwako, kwa sababu utafiti kamili ndio wenye masharti mazito ya kushirikisha umma. Kanuni ya 17 ya zile za 2003 inadai mabango karibu na eneo la mradi, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, tangazo redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na wanaoathirika, kila mmoja utangazwe angalau wiki moja kabla. Mradi mdogo, mara nyingi, ni kijana mwenye dodoso anayepita nyumba kwa nyumba saa za kazi, wakati wenye nyumba hawapo. Kwa hiyo ukisikia awamu ya kwanza ina nyumba 96, uliza awamu ya pili imechorwa wapi kwenye ramani.

Mikutano mitatu isichukuliwe kama mapambo. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa za leseni hizi, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya mwanzo ilifanyika, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi. Ripoti ilipokuwa tayari, watu hawakurudishiwa waijadili. Tangu hapo mwenye mradi yeyote mwenye akili anajua leseni inaweza kumponyoka kwa baraza lililofanywa kwa kulipua.

Mradi wa kaunti una ugumu wake wa pekee. Kampuni binafsi ikitaka kujenga, kaunti inaikagua ramani na NEMA inakagua mazingira. Kaunti ikijenga yenyewe, au ikitoa ardhi yake kwa mwekezaji, ndiyo mwenye mradi na ndiyo inayopitisha ramani chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Hapo kesi ya nyani hakimu ni ngedere. Mimi mwenyewe nalipwa na mwenye mradi. Ndivyo sheria ilivyopanga, na hakuna mtaalamu anayeweza kukuambia pesa haina sauti. Jicho pekee la nje ni NEMA, na NEMA inaona kile kilichoandikwa. Usichoandika wewe, hakipo.

Nini basi kiandikwe? Hapa ndipo baraza nyingi zinapotelea. Saa nzima huisha kwa swali moja, nani atapata nyumba. Ni swali la haki kabisa. Mpangaji wa miaka mingi katika nyumba za zamani za manispaa, awe Makasembo au Lumumba huko Kisumu, Kivumbini au Flamingo huko Nakuru, ana kila sababu ya kuuliza atahamishiwa wapi bomoabomoa ikianza na kama atarudi. Wenzangu wengine humkata kauli wakisema hilo si suala la mazingira. Wanakosea. Kanuni za 2003 zinataja athari za kijamii, pamoja na watu kuhama na jamii kuvurugika, miongoni mwa mambo ambayo tathmini lazima iyaangalie. Lakini swali likiulizwa mara thelathini kwa maneno yale yale, mwandishi wa kumbukumbu anaandika mstari mmoja: "Wakazi walitaka kujua utaratibu wa ugavi." Na muda umekwisha kabla mtu hajagusa maji.

Maji ndiyo yanayoamua. Kuna baraza moja upande wa Nyamasaria, Kisumu, mkutano ulipokwisha watu wakapanga foleni ya soda, mama mmoja muuza mboga akanivuta kando. "Mwanangu," akasema, "hapo mnapotaka kuweka ghorofa, Aprili tunapita na viatu mkononi." Nikamwomba anionyeshe. Tulitembea hadi kwenye kalvati chini ya barabara, akainama akanionyesha alama ya matope ukutani, karibu na kiuno chake. Kalvati yenyewe ilikuwa nusu imezibwa na mchanga na chupa za plastiki. Wapimaji walikuwa wamepita Januari, ardhi ikiwa kavu imepasuka, na ramani yao ilionyesha eneo tambarare lisilo na tatizo. Nilipiga picha ya alama ile nikiwa nimesimamisha futi ya chuma kando yake, nikaiweka kwenye ripoti pamoja na maneno yake. Mhandisi alipoiona hakuwa na la kubisha: sakafu za chini zikainuliwa, na upanuzi wa kalvati ukaingia kwenye bajeti ya mradi. Watu waliopiga kelele hemani siku ile hawakubadilisha hata tofali moja.

Udongo wa Kisumu upande wa Kano ni ule mweusi unaofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na maji ya chini ya ardhi katika mitaa kama Nyalenda yako karibu sana na juu. Choo cha shimo hapo kinajaa kutoka chini. Ndiyo maana katika ripoti yoyote ya nyumba za ghorofa mimi huenda kwanza kwenye majitaka. Fanya hesabu mwenyewe. Nyumba 200, kila moja watu wanne, kila mtu lita 100 kwa siku, ni lita 80,000. Karibu asilimia 80 hurudi kama majitaka, yaani lita 64,000 kila siku. Lori la kunyonya choo la lita 10,000 lingehitaji safari saba kwa siku, Krismasi na Idi zikiwemo. Ripoti ikisema tu "mradi utaunganishwa na laini ya sewa iliyopo," uliza laini hiyo ina upana gani, inaelekea mabwawa ya kusafisha majitaka ya Nyalenda au mtambo wa Kisat, na je, kuna barua ya KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, inayosema ina nafasi? Kwa Nakuru, barua hiyo iwe ya NAWASSCO, kampuni ya maji ya huko. Nimeona ripoti nene zisizo na hiyo barua ya ukurasa mmoja.

Nakuru ina mambo yake. Mji umekaa kwenye mteremko kutoka Menengai hadi Ziwa Nakuru, na kila ploti inayosakafiwa juu inaongeza maji ya mvua yanayoshuka kwa kasi kuelekea mitaa ya chini na hatimaye ziwani, ziwa lililo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 1990. Udongo wa majivu ya volkano unamomonyoka upesi, na mitaa ya magharibi ya mji inajua nyufa zinazofunguka ardhini baada ya mvua kubwa. Uchunguzi wa udongo uwe umefanywa pale pale mradi unapojengwa, si kunakiliwa kutoka ripoti ya jirani. Na kama maji yatatoka kwenye kisima kirefu, dai kipimo cha floraidi. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Meno ya watoto ndiyo yanayolipa.

Kelele na vumbi la ujenzi sitayaongelea sana. Kila ripoti huyataja, kila mkandarasi huahidi kunyunyiza maji. Isipokuwa kama nyumba za zamani zitabomolewa na zina paa za asbesto. Hapo uliza nani atazitoa na zitazikwa wapi.

Sasa, ukurasa wa kutafuta. Ripoti huwa na kurasa mia mbili na zaidi, kwa Kiingereza, lakini kanuni zinadai iwe na muhtasari usio wa kitaalamu. Anza hapo, kisha ruka moja kwa moja hadi kwenye jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira, kwa kawaida kuelekea mwisho. Lina safu za athari, hatua ya kuipunguza, anayehusika, muda na gharama. Soma safu ya gharama. Ukiona "imejumuishwa" au "itaamuliwa" mstari baada ya mstari, umepata udhaifu wa mradi, kwa sababu kazi isiyo na pesa haitafanywa mkandarasi akishalipwa.

Ripoti kamili ikipokelewa, NEMA huitangaza na kualika maoni, kwa kawaida ndani ya siku 30 tangu tangazo litoke. Ripoti inaweza kusomwa makao makuu Nairobi, na pia katika ofisi ya mkurugenzi wa mazingira wa kaunti. Nenda na mwenzako, mpige picha kurasa mnazozihitaji. Kisha andikeni. Barua nzuri haihitaji wakili. Itaje ukurasa na mstari, iseme kinachokosekana, iombe kitu mahususi: "Ukurasa wa 142, majitaka: hakuna barua ya kampuni ya maji kuthibitisha uwezo wa laini. Tunaomba leseni isitolewe mpaka barua ipatikane, ama iwe na sharti kwamba nyumba zisikaliwe kabla laini haijaunganishwa." Sentensi mbili. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa nawe urudi nayo nyumbani. Wenye nyumba za Milimani, mtaa wa wenye nazo, hawaji kukaa juani barazani. Wao hutuma barua. Barua hujibiwa.

Hilo neno "sharti" lishike. Mimi si shabiki wa kutumia tathmini ya mazingira kuzuia nyumba za watu wa kipato cha chini. Haki ya makazi nayo iko kwenye Katiba, kifungu cha 43, na wapo wanaopinga ghorofa kwa sababu tu hawataki majirani wapya. NEMA ikiwekewa mezani "tunapinga" dhidi ya mradi wa serikali, mara nyingi itatoa leseni. Ikiwekewa ombi la sharti lenye sababu, ni rahisi kuliingiza, na sharti la leseni lina nguvu ya sheria.

Na kama shida yako ni eneo lenyewe, kwamba uwanja wa watoto au ardhioevu ndio umechaguliwa, jua kwamba umekuja baraza la mwisho. Ripoti inalazimika kuchambua njia mbadala, kwa hiyo uliza hilo, lakini uamuzi wa ploti hufanyika mapema zaidi, kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka ambao kaunti huuwasilisha bungeni mwake kabla ya Septemba 1. Mikutano ya mpango huo huwa mitupu. Ningekuwa na nguvu za kuwasukuma watu kwenye baraza moja tu kwa mwaka, ningewasukuma huko.

Leseni ikitolewa nawe hukuridhika, una siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Kifungu cha 70 cha Katiba nacho kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba umepata hasara mwenyewe. Lakini kabla ya yote omba nakala ya leseni na usome masharti yake. Nyumba zikianza kukaliwa kabla sewa haijaunganishwa, andikia NEMA ofisi ya kaunti, na Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira ipate nakala. Ambatisha leseni, onyesha sharti lililovunjwa, na picha ziwe na tarehe.