Chokaa haiondoi risasi (lead, ile metali ya sumu) shambani, jameni

Wiki hii pekee nimeambiwa mara tatu, "ofisa, hiyo shamba nilishamwaga chokaa, risasi iliisha." Haijaisha! Mimi kazi yangu ni kupima udongo huku Kisumu mpaka Kakamega na hii ndio inaniudhi kuliko zote, juu watu wanapanda sukuma mahali betri za gari zilikuwa zinavunjwa, wanalishia watoto, roho imetulia sababu ya magunia mawili ya chokaa.

Iko hivi. Udongo wa mfinyanzi na mboji ziko na kama viti, na metali kama kadimiamu, zinki na risasi hukalia hivyo viti. Asidi ikizidi, haidrojeni inakuja kwa wingi inazing'oa, zinaingia kwa maji ya udongo na mizizi inanyonya. Kadimiamu na zinki huachia mapema, risasi hung'ang'ana. Ukiweka chokaa pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) inapanda, metali zinashikwa tena. Zinashikwa, sijasema zinatoka. Pima risasi yote ya huo udongo kabla na baada, ni ile ile. Na ukiendelea na mbolea ya DAP kila msimu bila kurudia chokaa asidi inarudi polepole, na pH 5 ni asidi mara 10 kuliko pH 6, kwa hivyo usiniambie "imeshuka kidogo tu".

Halafu mtoto akicheza hapo alambe vidole, tumbo lake liko na asidi kali kuliko udongo wowote huku kwetu, linafungua kile chokaa ilifunga. Hapo funika na udongo safi, panda nyasi, sukuma weka kwa magunia yenye udongo wa kutoka kwingine.

Eti udongo wa asidi umechafuliwa? Hapana, huku western mwingi uko hivyo juu ya mvua na mbolea. Asidi haitengenezi risasi.

Eti chokaa inatuliza kila metali? Aseniki, sumu nyingine ya udongo, ni kinyume, pH ikipanda ndio inaweza kuachilia, na mawe ya dhahabu mara nyingi huwa nayo, kwa hivyo nyinyi mnalima karibu na mabaki ya migodi Migori na Kakamega pimeni kwanza.

Eti ukichemsha sukuma risasi inaisha? Metali haitoki na mvuke. Osha jani moja moja kwa maji mengi, risasi nyingi ya sukuma huwa vumbi.

Na ukileta udongo kupimwa taja metali, maana kile kipimo cha kawaida cha mbolea hakiangalii risasi kabisa.