Forrest J Ackerman na anwani zilizochapwa chini ya barua

Majarida ya hadithi ya miaka ya 1920 na 1930 yananisumbua kazini kuliko vitabu vilivyoyatangulia kwa karne nzima. Karatasi zake ni za massa ya mbao ya bei ya chini, na asidi iliyomo huzila taratibu mpaka ukurasa unageuka rangi ya chai na kukatika kama kaukau. Mwaka wangu wa kwanza wa uhifadhi nilifungua toleo moja kwa pupa, kona ya jalada ikabaki kiganjani mwangu.

Wageni wakija huomba kuona majalada: roketi, majoka ya Mars, mabinti wanaopiga mayowe. Mimi huwapeleka kurasa za mwisho, kwenye barua za wasomaji. Hugo Gernsback, aliyeanzisha jarida la Amazing Stories mwezi Aprili 1926, alizichapa pamoja na anwani kamili za walioziandika. Basi kijana aliyedhani ni yeye peke yake mwenye wazimu ule akagundua kwamba kuna mwenzake mji wa tatu, akatafuta stempu. Waliowahi kuwasikiliza watuma salamu wa redioni, na majina yao ya utani, watanielewa upesi. Ushabiki wa sai-fai, yaani hadithi za kubuni za kisayansi (kwa Kiingereza science fiction), ulianzia kwenye anwani zile, na hakuna aliyezitumia kama Forrest J Ackerman. (Hiyo J haina nukta. Mwenyewe alisisitiza.)

Alizaliwa Los Angeles tarehe 24 Novemba 1916. Oktoba 1926, akiwa na miaka tisa, alinunua toleo lake la kwanza la Amazing Stories. Uzeeni alizoea kusimulia kwamba gazeti lenyewe lilimsemesha, likamwomba alichukue nyumbani. Mwaka 1930 alianzisha klabu ya wavulana wapenda hadithi hizo, iliyoishi kwa posta tu. Januari 1932 vijana wa New York walipotoa The Time Traveller, mojawapo ya majarida ya mwanzo kabisa yaliyotengenezwa na mashabiki wenyewe, jina la Ackerman lilikuwamo miongoni mwa wahariri, ingawa alikaa upande wa pili wa Marekani.

Majarida hayo yalitengenezwa mezani, nyumbani. Wenye mfuko mdogo walimimina jelatini kwenye sinia, wakailazia ukurasa ulioandikwa kwa wino wa zambarau, kisha wakabandua nakala moja moja. Ukifika hamsini hivi, maandishi yamekuwa kivuli. Wenye uwezo walikata stensili na kuzungusha mashine ya kudurufu. Walimu wa rika langu hawahitaji maelezo, maana ndiyo iliyotutolea mitihani.

Pale Los Angeles mashabiki walikutania kwenye mkahawa wa Clifton's. Mwaka 1937 akaingia kijana wa miaka 17, mropokaji, hana senti: Ray Bradbury. Ackerman ndiye aliyemlipia gharama za jarida lake dogo la Futuria Fantasia mwaka 1939, na ndiye aliyemkopesha nauli ya basi kwenda New York, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki, tarehe 2 hadi 4 Julai mwaka huohuo.

Waliohudhuria walikuwa kama 200. Ackerman alitokea amevaa joho la kijani na suruali yenye mikunjo, mavazi ya watu wa karne ijayo, na hivyo hivyo akakatiza mitaa ya New York. Pembeni yake alikuwa Myrtle Douglas, aliyejulikana kwa jina la Kiesperanto, lugha ile ya kubuniwa, Morojo, naye kavaa vilevile. Leo vijana wanaojipamba kama wahusika wa katuni humtaja Ackerman kuwa babu yao. Mimi nawaambia wamtafute bibi kwanza: aliyekaa kwenye cherehani akashona nguo zote mbili ni Morojo. Hata majarida ya Ackerman ya miaka ile, ukiyasoma kwa makini, utamkuta yeye ndani kama mhariri mwenza. Historia imempunja.

Mwaka 1953 Ackerman alipewa tuzo ya Hugo, tuzo ya sai-fai yenye jina la Gernsback, ya shabiki namba moja, tuzo zilipotolewa kwa mara ya kwanza. Akaiacha jukwaani, akisema anayestahili ni Ken Slater wa Uingereza. Mwaka uliofuata alikuwa akisikiliza redio garini, akasikia neno hai-fai linalohusu vyombo vya muziki, naye akatamka sai-fai. Mashabiki wenzake wengi walilichukia neno hilo, wakaona linashusha hadhi yao. Lilishinda hata hivyo.

Nyumba yake ndiyo inayonitia homa. Vyumba 18, vitu vinavyokadiriwa kufika 300,000: vitabu, majarida, picha, vinyago vya filamu, mfano wa roboti wa filamu ya Metropolis. Kila Jumamosi alifungua mlango kwa yeyote, bure, akamtembeza mwenyewe huku akitupa mizaha ya maneno. Hapakuwa na mlinzi. Watu waliiba. Mtu wa fani yangu akisikia hivyo hukuna kichwa, na kwa miaka mingi nilimhesabu Ackerman kuwa mhifadhi mbovu. Siku hizi nasita. Alikuwa akifanya kwa mlango kile Gernsback alichofanya kwa anwani, na wapo watengeneza filamu walioanza njia yao wakiwa watoto katika vyumba vile.

Ndoto yake ya jumba la makumbusho haikutimia. Maradhi na kesi vilipommaliza fedha, mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliuza sehemu kubwa ya vitu vyake, akahamia nyumba ndogo. Jumamosi ziliendelea. Mpaka karibu na kifo chake, tarehe 4 Desemba 2008, aliyebisha hodi alipokelewa na mzee mcheshi aliyevaa kidoleni pete ya Dracula ya mwigizaji Bela Lugosi.