Omba Mstari, Usiombe Faili: Kutafuta Rekodi za Kukamatwa kwa Polisi Kenya

Barua nyingi ninazoletewa, zile ambazo polisi wamezikataa au wamezinyamazia, zina kasoro moja. Mwombaji ameandika kwamba anataka "taarifa zote kuhusu kukamatwa kwa kijana wetu". Ombi la namna hiyo linajikaanga lenyewe. Linagusa faili la upelelezi, majina ya mashahidi na maelezo ya mlalamishi, na afisa yeyote anaweza kulikataa kwa sentensi moja. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mombasa, kazi yangu ni kufuatilia watu waliokamatwa, na kila familia inayokuja naiambia hivi: omba mstari ulioandikwa katika daftari fulani, kituo fulani, siku fulani. Faili liache.

Mstari huo upo kwa sababu mtu akikamatwa Kenya huacha alama katika vitabu kadhaa. Kinachojulikana na wengi ni OB, Daftari la Matukio, lile linalokaa kaunta kwa askari wa zamu. Humo huandikwa kila jambo: simu iliyopotea, ugomvi wa mume na mke, askari waliotoka doria, waliorudi na waliyemleta. Namba yake inasomeka kirahisi ukishaizoea. OB 17/9/3/2025 ni tukio la 17 lililoandikwa tarehe 9 Machi 2025, na kesho yake hesabu inaanza upya. Pembeni kuna saa. Ukipata nakala, anza na hizo saa kabla hujasoma maneno. Maingizo hufuatana, kwa hiyo na saa lazima zifuatane. Mstari wa saa nne usiku ukifuatwa na mwingine wa saa tatu usiku huo huo, uliza kwa nini.

Kitabu cha pili wengi hawakijui, na mimi nakithamini kuliko OB: rejista ya mahabusu. Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 linaorodhesha yanayopaswa kuandikwa kuhusu kila anayewekwa seli: jina lake, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa, afisa aliyemkamata, lini alifikishwa mahakamani, lini alihojiwa na nani alimhoji, na kama alihamishwa kupelekwa kwingine, ni wapi na saa ngapi. Familia na wakili wanaruhusiwa kuyaona hayo. Kwa hiyo unaposimama kaunta ukiuliza ndugu yako yuko wapi, afande hakufanyii hisani kwa kukujibu. Anatimiza sheria.

Alama ya tatu iko mahakamani, na mara nyingi mimi huanzia huko. Hati ya mashtaka ni karatasi moja tu, lakini juu yake kuna visanduku ambavyo watu huviruka wakikimbilia kusoma kosa: namba ya kesi ya polisi, namba ya OB, tarehe ya kukamatwa, kama kulikuwa na waranti au la, na tarehe ya kufikishwa mahakamani. Weka kidole kwenye tarehe ya kukamatwa na kingine kwenye tarehe ya mahakama. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya mahakama, basi kabla ya siku ya mahakama inayofuata kuisha. Aliyekamatwa Ijumaa jioni akifikishwa Jumatatu, hapo huna hoja. Aliyekamatwa Jumatatu asubuhi akafikishwa Alhamisi bila amri yoyote ya mahakama, hoja unayo, na imeandikwa kwa mkono wa polisi wenyewe. Nenda masijala ya jinai na jina na tarehe, muulize karani namba ya kesi, lipia nakala. Ukitoka hapo tayari una namba ya OB, na ombi lako kituoni linakuwa jepesi.

Sasa sheria yenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuitumia. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, anasema kwa mdomo na afisa anamwandikia. Kuwasilisha ombi hakulipiwi chochote. Unachoweza kudaiwa ni gharama halisi ya kunakili na kukufikishia. Tena hulazimiki kueleza unataka habari hiyo ya nini. Jaji Mwita alilisisitiza hilo mwaka 2017 katika kesi ya Katiba Institute dhidi ya Kitengo cha Rais cha Utekelezaji wa Miradi. Afisa akikuuliza "unaitakia nini?", mjibu kwa adabu kwamba sheria haikudai sababu, kisha nyamaza.

Barua ninayoitumia haizidi ukurasa mmoja. Naiandika kwa Inspekta Jenerali wa Polisi kupitia OCS, yaani mkuu wa kituo husika, kwa kuwa mkuu wa taasisi ndiye afisa wa habari kisheria. Kiini chake ni hiki:

"Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala ya maingizo ya OB ya kituo chako kuanzia saa mbili usiku tarehe 8 Machi 2025 hadi saa mbili asubuhi tarehe 9 Machi 2025, yanayomhusu ndugu yangu aliyetajwa hapo juu; na nakala ya sehemu ya rejista ya mahabusu inayoonyesha saa aliyoingizwa seli, sababu, afisa aliyemkamata, na saa aliyotolewa. Majina ya walalamishi na mashahidi yanaweza kuzibwa."

Sentensi hiyo ya mwisho msiidharau. Kifungu cha 6 cha sheria kinaruhusu kuzuia habari zinazoweza kuhatarisha maisha ya mtu, kuvuruga mkondo wa haki au kuingilia faragha isivyofaa. Ukikubali mwenyewe kuyaacha majina ambayo huyahitaji, umemwondolea afisa sababu aliyokuwa ameishika mkononi. Halafu peleka barua ukiwa na nakala mbili, na usiondoke bila mhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi kwenye nakala yako. Bila mhuri huo, siku hazihesabiki.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na wanaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Mtu aliye seli ni suala la uhuru, na aliyechukuliwa na hajulikani aliko ni suala la uhai. Liandike hilo juu kabisa ya barua, kwa herufi kubwa, ukitaja saa 48. Na usikae nyumbani ukizihesabu: siku hiyo hiyo wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya jaji, haki ambayo Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema haiwezi kupunguzwa kwa vyovyote. IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, nayo ipewe taarifa, kwa sababu ina mamlaka ya kuingia na kukagua mahali mahabusu wanapowekwa.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya wakili Willie Kimani. Juni 2016 yeye, mteja wake na dereva wao wa teksi walikamatwa wakitoka mahakama ya Mavoko, na miili yao ikapatikana mtoni siku kadhaa baadaye. Katika kesi ilielezwa walivyofungiwa katika kambi ya polisi wa utawala (AP) ya Syokimau, na kijikaratasi cha kuomba msaada kilichorushwa kutoka humo kikawa sehemu ya ushahidi. Mwaka 2022 polisi watatu na mpashaji habari wao walipatikana na hatia ya mauaji. Nikiwaambia familia wakimbilie daftari saa za mwanzo kabisa, ninawafikiria watu hao watatu.

Kuna wanaoniandikia kutoka Marekani, wamezoea idara za polisi kule kutoa orodha za waliokamatwa, nyingine hata na picha, wakitaka nimchunguzie mchumba au mpangaji huku nyumbani. Hilo silifanyi, na sheria yetu haikujengwa hivyo. Kukamatwa si kutiwa hatiani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu. Anayetaka kuthibitisha mwenendo wa mtu amwombe mwenyewe alete cheti cha polisi: ataomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, atachukuliwa alama za vidole kwenye fomu ya C24, na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, itamtolea kwa jina lake.

Wanahabari na watafiti wao wako pazuri zaidi kuliko wanavyodhani, kwani takwimu hazina faragha ya mtu. Omba, kwa kituo kimoja na mwezi mmoja, idadi ya waliokamatwa, makosa waliyoandikiwa, waliofikishwa mahakamani na walioachiliwa bila mashtaka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye habari. Kituo kinachokamata wengi usiku wa Ijumaa na kuwaachilia karibu wote Jumamosi kina maswali ya kujibu, kuanzia na risiti za dhamana ya pesa taslimu. Ziombe nazo.

Muda ukipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na hapo una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ofisi ya Ombudsman. Ambatanisha nakala yenye mhuri. Hicho ndicho kitu cha kwanza watakachokuuliza. Tume inaweza kuwaita maafisa na kuamuru habari itolewe, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 21. Pamoja na malalamiko, mwandikie OCS barua nyingine fupi kumtaka ahifadhi OB, rejista na picha za kamera za siku hizo, na umkumbushe kwamba kufuta, kubadilisha au kuficha rekodi iliyoombwa ni kosa la jinai chini ya Kifungu cha 28. Hiyo pia iwe na mhuri.