Cheti cha jina la biashara si cheti cha kampuni

Wengi Tanzania huamini kwamba ukishasajili jina la biashara, tayari una kampuni, na deni la duka haliwezi kukufuata nyumbani. Imani hiyo inaeleweka: cheti kina namba na jina zuri, na mtaani kila mwenye fremu huitwa mkurugenzi.

Mwanafunzi wa sheria hukutana na jambo hili mapema. Jina la biashara husajiliwa chini ya Sura ya 213 ya sheria za Tanzania, yaani sheria ya majina ya biashara, na kazi yake ni kuonyesha nani yuko nyuma ya bango. Mama Neema akikopa magunia ya mchele kwa jina la "Neema Nafaka", mdaiwa ni yeye mwenyewe. Akishindwa kesi, hata pikipiki yake inaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama. Wabia wa kawaida nao hudaiwa binafsi.

Kampuni, ya Sura ya 212 (sheria ya makampuni), ni mtu mwingine kisheria. Uingereza ililithibitisha hilo mwaka 1897, katika kesi ya mtengeneza viatu aliyeshika karibu hisa zote za kampuni yake. Madeni ya kampuni hayakuhesabiwa kuwa yake. (Ila ukisaini dhamana binafsi benki, yaani ahadi kwamba utalipa wewe kampuni ikishindwa, kinga hiyo umeitoboa kwa mkono wako.)

Ukitaka kuhakiki, soma cheti kinataja sheria gani. Jina la kampuni binafsi ya hisa kwa kawaida huishia na "Limited". Kabla ya kumkopesha mtu mzigo mkubwa, omba upekuzi wa kumbukumbu za kampuni kwa msajili wa makampuni, uone wanahisa na wakurugenzi ni akina nani.