Pampu ya sola haina luku, ndo maana inabidi tuongee kuhusu chumvi

Swali tunaloulizwa sana na watu wa Kigamboni, Mkuranga na wale wa mchicha kwenye mabonde ya jiji la Dar ni moja tu, pampu ya sola bei gani. Ni swali zuri ila halikutakiwa kuwa la kwanza. La kwanza ni kisima chako kina maji ya namna gani na unataka kuvuta kiasi gani kwa siku, maana kwenye utafiti wa nishati jua na kilimo saa hizi kazi sio tena kupata umeme kwenye jua, hilo limeshavukwa zamani, kazi ni kujua umeme usio na bili unambadilisha vipi mtu anayeutumia.

Mwangalie mwenye jenereta. Petroli inamuuma, akiona matuta yameloa anazima. Mwenye sola hazimi! Jua likitoka pampu inaamka yenyewe, likizama inalala, hela haitoki mfukoni, tenki likijaa maji yanamwagika na wala hana haraka ya kwenda kufunga. India wameshaliona hili mapema, pale kijiji cha Dhundi jimbo la Gujarat wakulima wenye pampu za sola waliunganishwa na gridi ili umeme unaozidi wauuze badala ya kuendelea kunyonya maji. Kwa mkulima wa Kimbiji, huku Kigamboni, hilo la kuuza umeme bado liko mbali, hivo lazima ajizuie kwa njia nyingine.

Kwanini ajizuie? Kwa sababu tuko pwani. Mji huu una historia ndefu na visima, ukame wa 1997 ulipotubana visima vilichimbwa kwa wingi kila kona, na kila mto Ruvu unaotupa maji ya bomba ukipungua, kama ule mgao wa maji wa Oktoba na Novemba 2022, watu wanarudi kule kule chini ya ardhi. Sasa chini kwetu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, maana maji ya chumvi ni mazito zaidi. Kuna kanuni ya zamani ya wataalam wa maji ardhini, ya Ghyben na Herzberg, inasema kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze sasa. Ukivuta mpaka maji yakashuka mita 1, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40 huko chini. Haitokei siku hiyo hiyo, mchanga na mwamba vinachelewesha, ila ukishapanda kuurudisha ni kazi ya miaka na majirani wote mmeshaingia kwenye hasara, hata yule ambaye hana pampu.

Mkulima anaiona dalili kwenye majani. Ncha zinaungua, maharage yanakuwa ya kwanza kulalamika, kitunguu kinafuata, spinachi inavumilia kidogo, halafu jamaa anaongeza mbolea akidhani ardhi imechoka kumbe mbolea ya chumvichumvi nayo ni chumvi juu ya chumvi. Kuna kipimo kidogo cha chumvi cha mkononi, unachovya kwenye maji unasoma namba. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema maji ya kumwagilia yakiwa chini ya maikrosimensi 700 kwa sentimita huna shida, yakipita 3,000 hapo ni balaa, katikati unaenda kwa tahadhari na unachagua zao. Pima mwisho wa kiangazi na pima tena baada ya masika, andika kwenye daftari, namba ikipanda mwaka hadi mwaka punguza kuvuta kabla mboga hazijakwambia. Na kabla hujamwita fundi wa kuchimba, pita Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu uulize kibali, wengi wanalikwepa hili ila pale ndo pa kuulizia maji ya eneo lako kabla hujamwaga hela.

Haya, mahesabu ya pampu yenyewe ambayo fundi dukani mara nyingi hakufanyii. Kwenye jua kali la Dar mboga zinataka kama milimita 5 za maji kwa siku, na milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000, hivo unahitaji lita 5,000 kwa siku. Kuinua lita 1,000 kwenda juu mita 20 ni kama wati-saa 55 kwa fizikia kavu, weka hasara za pampu na mabomba zidisha mara mbili na nusu unapata kama 140, mara tano kwa zile lita 5,000 ni 700. Jua letu ukilikusanya la siku nzima ni sawa na saa 5 hivi za jua la nguvu kamili, 700 gawa kwa 5 ni wati 140, ongeza ya mawingu na vumbi, paneli ya wati 200 mpaka 250 inakutosha. Basi. Halafu dukani mtu anauziwa paneli nne na pampu ya kuvutia maji ya kijiji, anarudi nyumbani anashangilia, kisima kinakauka saa sita mchana.

Kingine ambacho watu hawaamini mpaka tuwaonyeshe, paneli inapenda mwanga ila haipendi joto. Zile za kawaida zinapoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi joto 1 juu ya 25, na paneli iliyobandikwa juu ya bati mchana inafika nyuzi 60 bila shida, hapo asilimia 14 imeshaondoka. Inyanyue, hewa ipite chini yake.

Na ukishainyanyua, panda chini yake. Huu ndo utafiti ninaoupenda kuliko yote, kuna mradi uliofanyika Morogoro kwa Sustainable Agriculture Tanzania na kule Kajiado nchini Kenya, wakishirikiana na University of Sheffield na wengine, paneli zimewekwa juu na mazao yanakua chini. Baadhi ya mazao yalifanya vizuri kwenye kivuli kile, maharage na spinachi ya Kiswisi yamo, na udongo ukapoteza maji kidogo zaidi. Kwa pwani yetu hiyo ndo habari yenyewe, kivuli kinapunguza lita unazovuta.

Njia nyingine ya kupunguza lita ni kupanda kisichodai maji kila siku, na hapo muhogo unaongoza. Shida yake ni magonjwa mawili, batobato na michirizi ya kahawia, huu wa pili ulielezwa kitaalam mara ya kwanza 1936 kutoka Amani kule Usambara, unaenezwa na inzi weupe na pia pingili zenye ugonjwa, na ubaya wake shina linaweza kuonekana zima ukichimba unakuta mzizi umeoza ndani. Usiombe pingili kwa jirani kwa kuangalia majani tu. TARI Mikocheni, watafiti wa kilimo wa serikali, wanafanyia kazi magonjwa haya miaka mingi, na vipando safi ni vile vya wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI, wale wa kudhibiti ubora wa mbegu. Kwenye simu kuna Nuru, programu ya kukagua jani la muhogo kwa kamera, inafanya kazi hata bila bando.

Umeme unaobaki sasa, usiurudishe kisimani. Funga feni ndogo kwenye kaushio. Muhogo ukishachimbwa una siku 2 au 3 tu kabla haujaanza kuharibika, una maji asilimia 60 na zaidi, na makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, yanataka kushushwa chini ya asilimia 14 ndo yakae ghalani bila ukungu. Ukungu sio wa kuchezea, 2016 sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Kata vipande vyembamba vinavyolingana, panga kwenye chekecheke, sio chini kwenye vumbi na kuku, feni itoe hewa yenye unyevu, na usifunge gunia siku ya mawingu. Kopa likipinda badala ya kuvunjika, lirudishe kwenye kaushio.