Meja si jukumu

Jana tena, barazani hapa Amu, kahawa haijapoa, kijana mmoja mwandishi wa programu akanifungulia kompyuta yake. Mfumo wa vifaa vya wahandisi wa jeshi, asema. Nikasoma safu ya majukumu: Koplo, Sajini, Kapteni, Meja. Nikamrudishia. Hivyo ni vyeo, mwanangu.

Cheo huonyesha nani ampigie nani saluti. Jukumu ni kitenzi: kuomba, kutunza, kutoa, kusafirisha, kupokea, kukagua. Koplo akishika stoo, meja hatoki na msumari bila vocha. Mtu wa hapa hahitaji somo: nahodha ndiye mkubwa chomboni, lakini simiti ina mtu wake wa kuitunza, na mifuko miwili ikipungua kati ya Mokowe na Amu ataulizwa yeye.

Kinachonichosha zaidi ni “kuidhinisha”. Kila mfumo unalo, mara moja, basi. Chukua daraja la Bailey, lile la Waingereza wa Vita vya Pili vya Dunia, la kuunganishwa kwa vipande vya chuma viitwavyo paneli. Paneli moja ni futi 10, kilo 260 hivi, hubebwa na watu sita. Paneli ngapi zatakiwa? Fundi wa daraja ndiye huamua, kwa upana wa mto na uzito wa magari, naye huidhinisha kwamba hesabu ni sawa. Vikosi viwili vikizitaka paneli zilezile, nani atangulie? Hapo fundi hana kauli, na stoo haina kabisa. Huidhinisha mkuu wa operesheni. Neno moja, watu wawili, maswali mawili. Ukiwapa kitufe kimoja, wa kwanza kukibonyeza amemjibia mwenzake.

Anayehesabu asishike funguo. Hilo sijadili. Paneli haipotei, hupotea pini za kuziunganisha. Niliwahi kukuta leja imejaa na masanduku yana nusu. Hakukuwa na mwizi. Mtunza stoo alijihesabia mwenyewe, masanduku, bila kufungua hata moja.

Mkaguzi wa kutazama nyufa ndiye hunikosesha usingizi. Nikimweka stoo, humwonea haya mwenzake. Nikimweka uwanjani, paneli mbovu hugunduliwa ikiwa imeshasafirishwa hadi ng’ambo. Nimejaribu kote kuwili, na kote nimejuta.

“Kwa hivyo mzee, meja nimfute?”

“Mtoe safu hiyo tu.”

Leo asubuhi kaniletea orodha mpya. Meja hayumo. “Kuidhinisha” imo, mara moja.